Tairi Lililopigwa Chapa Mbili

Kosa lilikuwa la Shangazi, na ubaya wa kosa lenyewe ni kwamba hakuwa na mtu wa kumsingizia. Aliona matairi yanawaka karibu na kibanda cha fundi pancha, akamkamata fundi pancha. Basi. Mpelelezi mzima, mwenye diploma ya kazi hiyo iliyotundikwa ukutani, alifikiri kama mtu anayeona mvua inanyesha akaenda kumfunga pingu muuza miavuli.

Mfano huo wa miavuli aliutoa yeye mwenyewe, asubuhi hiyo, akiwa amesimama katikati ya kile kilichobaki cha kibanda. Koplo hakucheka. Koplo alikuwa amebakiza miezi michache astaafu na alikuwa anaweka akiba ya kila kitu, vicheko pia.

"Koplo, hebu niambie unaona nini humu."

"Majivu, Shangazi."

"Na nini kingine?"

"Majivu mengine."

Kituoni wote walimwita Shangazi, mahabusu wakiwemo, kwa sababu kabla ya kumwuliza mtu kama ameua, alimwuliza kwanza kama amekula. Leo hakuwa amemwuliza mtu yeyote kitu kama hicho. Tangu juzi tumbo lake lilikuwa limejaa hasira, na hasira haiachi nafasi ya chai.

Juzi jioni ndipo walipomwua Mkunga. Mkunga alikuwa akiishi kilimani, lakini mikono yake haikuwa na upande. Nusu ya watoto wa bondeni ilipokelewa na mikono hiyo, wakiwemo mabinti wawili wa Koplo. Mkunga alikuwa anatoka kazini. Teksi yake ilisimamishwa kwenye kizuizi cha matairi, pale barabara kuu inapoukata mji vipande viwili, kilimani huku, bondeni kule, na soko katikati ambalo ndilo lililokuwa likiwakutanisha watu wa pande hizo mbili. Akashushwa. Wakamwuliza ni wa wapi. Akawaambia yeye ni wa hospitali. Wakampiga kwa vyuma.

Polisi walipofika walikuta moto, mwili, na hatua chache pembeni mtu mmoja tu ambaye hakukimbia: Fundi, mikono myeusi kwa masizi, ameshika chuma cha kuchomolea tairi.

"Nilikuwa navuta matairi nizime, afande," alisema Fundi.

Shangazi alikuwa ametoka kuviangalia viatu vya Mkunga, viatu vyeupe vya kazi, kimoja huku kingine kule, soli zake zimeisha upande mmoja kama za mtu anayetembea sana. Hakusikia neno. Alisema, "Mfungeni." Habari ikapanda kilimani kabla pingu hazijabana: muuaji wa Mkunga ni mtu wa bondeni, tena fundi pancha. Kesho yake vijana wa kilimani wakashuka wakachoma kibanda, na kwa kuwa walikuwa na viberiti mkononi tayari, wakachoma na soko.

Na asubuhi hii, kabla hajatoka kituoni, Shangazi alikuwa ametia saini hati ya kumhamishia Fundi gereza la mahabusu. Karandinga, lile lori la buluu la kubebea mahabusu, lingeondoka saa nane mchana. Gereza lenyewe lilikuwa limejaa vijana wa kilimani waliokamatwa jana na harufu ya moshi bado nguoni. Mtu anayesemekana kumwua Mkunga akiingizwa humo, hakimu hatahitajika.

Alikuja kibandani kuitimiza kesi, siyo kuivunja. Jalada lilihitaji kielelezo: kipande cha tairi la Fundi cha kulinganisha na matairi ya barabarani. Ndipo akakuta hakuna tairi la kukata kipande.

"Koplo, tairi likiungua linabaki nini?"

"Linabaki moshi kwenye mapafu yangu."

"Waya, bwana! Ule waya wa ukingoni unaokaa kwenye ringi. Mpira unaungua wote, waya unabaki mviringo kama bangili. Sasa nionyeshe bangili humu ndani."

Koplo akapekua majivu kwa ncha ya kiatu, halafu kwa fimbo, halafu, alipoona Shangazi ameinama mwenyewe, kwa mikono. Walikuta ringi za baiskeli, pampu iliyojikunja, na sanduku la bati lililokuwa halijaungua ndani. Shangazi akalifungua. Kandambili za tairi, jozi kwa jozi, zimefungwa kamba. Mikanda ya kufungia mizigo. Viraka vilivyokatwa mviringo, vimepangwa kwa ukubwa kama sahani za kabatini.

"Huyu mtu," alisema Shangazi polepole, "akipata tairi zima hulikata siku hiyohiyo. Hakuwa na tairi hata moja la kuchoma. Angekuwa anachoma viatu vyake vya kuuza."

"Labda yote aliyapeleka barabarani."

"Twende barabarani."

Barabarani bangili zilikuwepo tele, zimelala juu ya lami iliyoyeyuka. Shangazi akaokota moja akamvalisha Koplo kichwani. Ikapita kichwa, ikapita mabega, ikapita tumbo ambalo halikuwa tumbo dogo, ikaanguka miguuni.

"Hii ni ya tembo," alisema Koplo.

"Ni ya lori. Na ile ni ya lori. Na zile pale. Sasa geuka nyuma, utazame uchochoro wa kwa Fundi. Lori linapita pale?"

Koplo akageuka. Uchochoro ulikuwa mwembamba kiasi kwamba watu wawili wanene wakikutana, mmoja inabidi arudi nyumbani.

"Na chuma chake kile cha kuchomolea tairi," Shangazi akaendelea, sauti imeanza kupanda, "kile nilichokiandika 'silaha', nikakifunga kwenye mfuko, nikakipa namba. Urefu wake ni kutoka kiganja hadi kiwiko. Ni cha pikipiki, Koplo! Tairi la lori ungelichomoa na kile, kingekatika kama njiti ya kiberiti. Yote hayo nilikuwa nayo mkononi tangu juzi. Mkononi! Na mimi nikaitwa mpelelezi."

"Ulikuwa na hasira, Shangazi."

"Bado ninayo. Ila nilimpelekea mtu asiyehusika."

Wakavuka kwenda upande wa pili, kwenye kizuizi cha vijana wa kilimani, mwendo wa kutupa jiwe, na jana walikuwa wanayatupa kweli. Pale kila mtu angekuapia kwamba matairi ya kilimani ni ya kilimani. Bangili zilikuwa zilezile. Ukubwa uleule, unene uleule. Shangazi akatazama upande ule, akarudi kutazama upande huu.

"Maadui gani hawa," alisema, "wananunua duka moja?"

Tairi ambalo halikuungua walilikuta kwenye mtaro. Lilikuwa limebingirika kabla ya kufikiwa na moto, likalala kwenye maji machafu kama kiboko anayepumzika. Koplo akalivuta, akilalamikia mgongo wake kwa jina, kama mtu anayezungumza na ndugu. Ubavuni, mahali pamoja, mpira ulikuwa umekwaruzwa mpaka ukawa laini.

"Pamesagwa," alisema Koplo. "Kwa grenda."

"Kuna kitu kilikuwa hapo, mtu hakutaka nikisome. Ligeuze."

"Shangazi, mgongo..."

"Ligeuze, baba, nitakununulia dawa ya kuchua."

Akaligeuza. Upande wa pili, uliokuwa umelalia matope, haukuguswa na grenda. Shangazi akapangusa kwa kiganja. Chapa ya moto, imezama kwenye mpira: pembetatu, na namba ndani yake.

Hakuna mtu mjini asiyeijua pembetatu ile. Ilichorwa kwenye milango ya malori yote ya taka, kilimani na bondeni. Yalikuwa ya mtu mmoja, anayeitwa Baba Lao, mkarimu sana kwenye mikutano ya kampeni. Alikuwa akichangia kilimani Jumamosi na bondeni Jumapili, na kote alishangiliwa.

Koplo akashusha pumzi. "Shangazi, hili tairi tulirudishe mtaroni."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nataka kustaafu."

"Mabinti zako waliwekwa mikononi mwa nani walipozaliwa?"

 Koplo aliinama akalibeba tairi, na safari hii mgongo hakuutaja.

Yadi ya malori ilikuwa na geti la chuma, na nyuma ya geti alikuwepo Msimamizi, mwembamba, mwenye funguo nyingi kiunoni hivi kwamba alipotembea alilia kama farasi wa sherehe. Shangazi alimwacha Koplo na tairi ndani ya gari, akaingia peke yake akitabasamu. Tabasamu hilo lilikuwa limewahi kuwapeleka watu wengi mahakamani.

"Habari za kazi, kaka yangu. Sikai. Nimekuja kwa jambo dogo la aibu. Tumesikia madereva wenu wanawaibia matairi."

"Nani kasema?" Msimamizi akasimama wima. "Nani huyo?"

"Maneno ya mtaani. Wanasema hapa mtu anatoka na tairi jipya mchana kweupe, ninyi mmelala."

"Hapa? Haliibiwi tairi hapa! Dada, njoo uone." Akamvuta mpaka kwenye benchi la kazi, ambapo kulikuwa na chuma kirefu chenye pembetatu kwenye ncha. "Kila tairi tunalipiga chapa. Tunapasha chuma, tunakandamiza. Hiyo haifutiki."

"Dereva si anageuza tu? Anasema chapa imekaa ndani, kumbe lenu ameliuza, amefunga tairi kipara."

Msimamizi akacheka kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolijua. "Ndivyo walivyokuwa wanatufanyia zamani! Bosi akasema, pigeni pande zote mbili. Sasa ageuze anavyotaka."

"Hata yaliyochakaa?"

"Hasa yaliyochakaa, maana hayo ndiyo wanadhani hatuna habari nayo. Bosi wetu hatoi kipande cha mpira hata cha mtoto kuchezea. Anayahesabu kama wajukuu."

"Kwa hiyo tairi lenye pembetatu haliwezi kutoka hapa wewe usijue."

"Halitoki mpaka mimi nifungue geti."

"Koplo!" Shangazi akaita. "Mlete mjukuu."

Koplo akaliingiza tairi likibingirika, likazunguka mara moja, likalala miguuni pa Msimamizi, chapa juu. Funguo zikanyamaza.

"Hilo limeibwa," alisema Msimamizi.

"Umesema haliibiwi."

"Hilo... lilianguka. Kwenye lori."

"Likaangukia kizuizini, na wenzake wote, huku na huku, upande huu limesagwa? Naona na grenda yenu pale, jiwe lake limejaa unga mweusi. Mlikuwa mnasaga nini, pilipili manga?"

"Dada, mimi ni mfanyakazi tu."

"Mkunga naye alikuwa mfanyakazi tu!" Tabasamu lilikuwa limekwisha. Alipiga benchi kwa kiganja mpaka chuma cha chapa kikaruka. "Alikuwa anatoka kazini kama wewe utakavyotoka jioni, ukaoge, ule, uwaulize watoto shule ilikuwaje! Nani alifungua geti?"

Msimamizi aliangalia mlango. Mlangoni alisimama Koplo, na Koplo aliujaza vizuri.

"Bosi alipiga simu," alisema hatimaye. "Akasema yale mabovu yatolewe, lori moja liende kilimani, jingine bondeni. Yasagwe chapa. Nikasaga ile inayoonekana. Ni mengi, dada, nilikuwa peke yangu, nikafikiri si yanaungua yote? Upande wa pili nani ataugeuza."

"Na waliokwenda na malori?"

"Vibarua wapya. Siwajui. Walikuja na vyuma vyao."

"Vyuma gani?"

"Vya... vyuma."

"Lori lililokwenda bondeni lilirudi saa ngapi?"

"Baada ya magharibi. Waliniambia nioshe nyuma. Nikaosha." Akaanza kulia, kimya kimya, na kilio hicho kilimchukiza Shangazi kuliko uongo wote uliotangulia.

Akageuza uso asimzabe kibao. Ukutani mwa ofisi ndogo palikuwa na picha ya jengo la ghorofa, vioo vitupu, na watu waliochorwa wakitembea na mifuko ya manunuzi. Picha ilikuwa imepauka kwa jua. Ilikuwa imekaa pale muda mrefu.

"Hilo jengo linajengwa wapi?"

"Pale sokoni."

"Pale si kuna soko?"

"Lilikuwepo," alisema Msimamizi, akajifuta kamasi.

Shangazi akaelewa. Wachuuzi wa soko lile, wa kilimani na wa bondeni, walikuwa wamegoma kuhama tangu picha hiyo ikiwa mpya. Waligoma pamoja. Mtu aliyetaka kuwaondoa ilimbidi kwanza awagombanishe. Kwa hiyo alihitaji matairi kote, maiti mmoja anayependwa na wote, na mtu mmoja wa kubebeshwa maiti huyo. Matairi na maiti Baba Lao alijitafutia mwenyewe. Huyo wa kubebeshwa alipewa bure, na Shangazi.

"Simu," alimwambia Koplo. "Nipe simu."

Mkuu wa kituo alipokea upesi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Afande, Fundi asitoke. Nina shahidi, nina kielelezo. Naja kuifuta ile hati."

"Shangazi, karandinga limeshaondoka."

"Ni saa sita! Lilikuwa liondoke saa nane!"

"Imepigwa simu kutoka kwa wakubwa. Wametaka liwahi."

"Wakubwa gani?"

"Shangazi," alisema Mkuu wa kituo, taratibu, kama anamtuliza mtoto, "saini ni yako."

Akakata.

Walimtupa Msimamizi nyuma ya gari pamoja na tairi, wakaondoka. Mbele ya kituo, Shangazi akaona mwanamke amesimama katikati ya barabara, hapishi. Alikuwa mke wa Fundi. Mkononi alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, limetundikwa kwenye henga.

"Mmempeleka na lile shati la masizi," alisema dirishani. Hakupaza sauti. "Nimekuja na hili, nimeambiwa kaondoka. Hakimu atamwonaje?"

"Panda, mama."

"Nipande niende wapi?"

"Tumfuate. Mumeo hakufanya kitu. Nilikosea mimi. Panda, nitakuomba radhi njiani."

Yule mwanamke alimtazama, mtazamo ambao Shangazi alijua ataubeba mpaka kaburini, akafungua mlango akapanda. Shati akaliweka magotini asilikunje. 

Koplo aliendesha kama mtu asiye na habari ya pensheni. Waliupita msikiti, waliipita shule iliyofungwa, walikata kona ya kiwanda cha sabuni, wakatokea kwenye barabara ndefu iendayo gerezani. Shangazi alikuwa ameshika redio.

"Karandinga, karandinga, huyu ni Shangazi. Nipokee."

Redio ikakoroma.

"Dereva, mwanangu, unanijua sauti. Usimfikishe yule mtu. Hati nimeifuta. Simama hapo ulipo, nakuja."

Ikakoroma tena.

"Mbona hawajibu?" aliuliza mke wa Fundi.

"Pengine betri, shemeji," alisema Koplo, akaongeza mwendo, na wote ndani ya gari wakajua kwamba ni uongo wa mtu mwema.

Ndipo barabara ilipopanda kilima kidogo, na kutoka juu yake wakaona mbele. Moshi. Ulikuwa mweusi, mzito, unapanda polepole bila haraka, na chini yake, kwa umbali, kitu cha buluu kilikuwa kimesimama kimekingama barabara, milango ya nyuma wazi. Shangazi alikuwa ameutazama moshi wa namna hiyo tangu juzi. Nyuma, Msimamizi akaanza kusema, "Sikujua kuna lori la tatu lililotoka na matairi, wallahi sikujua," na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mke wa Fundi alikuwa ameinama mbele, shati limekunjamana vidoleni mwake sasa.

"Mwambie mume wangu aseme kitu," alisema. "Hapo kwenye redio. Mwambie aseme hata neno moja."

Shangazi akabonyeza kitufe. 

"Fundi," alisema. "Fundi, kama unanisikia, niitikie."